Kila Mtu Anakiri

Kesi nyingine humtesa mpelelezi kwa sababu hakuna anayekiri. Hii ilimtesa Shangazi kwa sababu hakuna asiyekiri.

Tangu watoto wawili wafe hospitalini baada ya kuchomwa chanjo ya surua, na serikali ikaisimamisha chanjo hiyo nchi nzima, mlango wa ofisi yake haukupata kupumzika. Bibi mmoja alikuja kukiri kwamba asubuhi ya chanjo alimnywesha mjukuu wake dawa ya miti, kwa hiyo yeye ndiye chanzo. Mjukuu mwenyewe alikuwa mgongoni, mzima wa afya, anamvuta bibi hereni. Kijana mwingine alikuja kukiri kwamba alisambaza kwenye simu picha ya sindano yenye fuvu la kichwa, na sasa usingizi haumjii. Shangazi aliwapa pole, akawapa viti, akawasikiliza, akawarudisha makwao. Wenzake wa kituo cha polisi hawakumwita Shangazi kwa undugu. Walimwita hivyo kwa jinsi anavyohoji: anaanza na pole na habari za nyumbani, na ukija kushtuka umeshasema hata ambayo hukuulizwa.

Asubuhi hiyo redio ya kaunta ilikuwa inagombana na watu. Daktari kutoka wizarani alieleza kwamba chanjo ile ile imechomwa sehemu nyingine bila tatizo, kwamba kuisimamisha ili ichunguzwe ni haki, lakini surua nayo haisubiri uchunguzi uishe. Mtangazaji akapokea simu.

"Mjomba, uko hewani."

"Daktari, wewe unasema kwa takwimu, mimi nasema kwa kaburi," ilisema sauti ya mwanamume. "Mimi pia mtu wa afya. Nafanya kazi hospitali hiyo hiyo, dawa nazijua. Nimemzika mpwa wangu. Msiishie kuisimamisha. Ifuteni! Na nyie akina mama mnaonisikia, fungieni watoto ndani."

Konstebo wa kaunta akatikisa kichwa. "Usingizi ana uchungu, Afande."

Nchi ilishamzoea kama Mjomba, ila hospitalini jina lake lilikuwa Usingizi, kwa kuwa kazi yake ni kuwalaza wagonjwa kwa dawa kabla ya kupasuliwa. Siku ya chanjo alikuwa likizo. Mmoja wa wale watoto wawili alikuwa wa dada yake.

"Zima hiyo," Shangazi akasema. "Niletee Sista."

Sista alikuwa muuguzi aliyewachoma watoto. Kesho yake alikuwa apandishwe mahakamani kwa mauaji, na mwendesha mashtaka hakuwa na wasiwasi hata chembe, maana mshtakiwa alishaandika kwa mkono wake: Nimewaua. Kitu kimoja tu ndicho kilichomkaa Shangazi kooni. Hakuna aliyejua ndani ya sindano kulikuwa na nini. Chupa za chanjo zilipelekwa maabara ya nje, na majibu yangekuja baada ya wiki kadhaa, Sista akiwa ameshazoea uji wa gereza. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemtia pingu. Alifanya hivyo kumwokoa na watu wenye mawe, ili waone kuna jambo limefanyika watawanyike. Lakini hakuwahi kumwambia Sista hivyo, na jambo hilo lilimuuma.

"Pole, mwanangu. Umelala?"

"Usinipe pole, Afande. Wape wale mama."

"Umekula?"

"Nimeshaandika. Niliwaua. Kesho nitasema hivyo hivyo mbele ya hakimu."

"Uliwaua kwa kitu gani?"

"Kwa sindano."

"Sindano ni chuma. Ndani mlikuwa na nini?"

"Chanjo."

"Chanjo ile ile uliyowachoma watoto wa asubuhi, wakapiga kelele zao, wakaenda kucheza?"

Sista akainua kichwa.

"Haya, nieleze upya," Shangazi akasema, akavuta kiti karibu. "Msahau hakimu. Nieleze mimi."

Sista akaeleza. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu ndani ya chupa, na kila chupa huchanganywa na maji yake maalumu. Ukishachanganya, chupa moja hutosha kundi la watoto, na kinachobaki mwisho wa siku humwagwa. Kwa hiyo wana amri: usifungue chupa kwa watoto wachache, waambie warudi siku nyingine. Siku hiyo alishamaliza foleni, ameshafunga vitu vyake, ndipo wakaja mama watatu waliochelewa.

"Nikakataa. Mmoja akaniambia, 'Mimi ni dada yake Usingizi, kweli unanifanyia hivi?' Nikaona haya. Usingizi ni mwenzangu kazini. Nikafungua chupa mpya."

"Ukachanganya na nini?"

"Maji yake. Yaliyokuwa mezani yalikwisha, nikaenda kuchukua kwenye friji."

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Wa dada yake Usingizi." Sista aliangalia viganja vyake. "Alilia. Halafu akanyamaza, akalala begani kwa mama yake. Mimi nikajua kapitiwa na usingizi, watoto wakilia sana hulala. Nikasema, anayefuata. Nilisema anayefuata, Afande! Nikamchoma wa pili. Nikamchoma wa tatu. Ningegeuza shingo tu, nikamtazama yule wa kwanza usoni. Kugeuza shingo! Ndiyo maana nimeandika nilivyoandika."

Shangazi alimpa leso. Kisha akauliza, polepole, kama walipata homa, degedege, mapovu, vipele.

"Hakuna. Walilegea tu. Wa kwanza mama yake alipomgeuza, macho yalikuwa wazi, ananitazama, na hapumui."

"Na wa tatu alipona vipi?"

"Daktari alikuja mbio na mfuko wa kupumulishia. Tunao mmoja tu. Wawili walikuwa wameshachelewa, akamshika wa tatu, akampumulia mpaka mikono ikamfa ganzi. Akarudi. Jioni alikuwa ananyonya."

Kalamu ya Shangazi ikasimama. "Ananyonya? Jioni hiyo hiyo?"

"Kama hakupatwa na kitu."

Shangazi alipotoka, alimkuta mlangoni dereva wa gari linalosambaza chanjo, kofia mkononi, sharubu zinatetemeka.

"Afande, niwekeni ndani mimi. Sista mwachieni."

"Keti kwanza. Umefanya nini?"

"Siku ile nilipitia kwa wakwe. Nikakaribishwa, nikala, nikapiga soga. Sanduku la chanjo nimeliacha garini juani. Nimewapikia watoto sumu, Afande."

Shangazi alimtazama kwa huruma na hasira kwa pamoja, mchanganyiko anaoujua mtu yeyote mwenye shemeji mzembe. "Sanduku lilikuwa moja?"

"Moja."

"Chanjo ya watoto wa asubuhi na ya wale watatu wa mwisho ilitoka humo humo?"

"Humo humo."

"Basi joto lako lingewapata wote. Halafu chanjo ikipigwa jua inapoteza nguvu, inabaki kama maji. Haimlegezi mtoto mpaka asahau kupumua. Una kosa, na bosi wako atalisikia leo. Lakini hili si lako."

"Sijaua?"

"Hujaua."

Akalia pale pale, mtu mzima na sharubu zake, na konstebo akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

Shangazi akaondoka kwenda hospitali huku akipanga vitu kichwani. Asubuhi salama, mwisho balaa. Chanjo ni ile ile, sindano ni zile zile, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni maji. Na polisi, yeye akiwa mkuu wao, walibeba kila chupa ya chanjo kwenda maabara, lakini maji waliyaacha. Nani apeleke maji nje ya nchi?

Daktari aliyeisimamia hospitali alimpokea kwenye veranda. Hakuwa amenyoa, na koti lake jeupe lilikuwa na doa la dawa kifuani. Hakumpeleka ofisini. Alimpeleka wodini.

Watoto walilala wawili wawili kitandani, macho mekundu, vipele toka usoni hadi tumboni, wanakohoa kile kikohozi kikavu kinachokwaruza hata koo la msikilizaji. Mama mmoja alikuwa anampepea wake kwa karatasi. Wodi ilikuwa hiyo moja tu, na kitanda cha mwisho alilala mama mgonjwa, anashika tumbo kila akikohoa.

"Surua," Daktari alisema. "Hawa walikuwa wachanjwe siku zile zile tuliposimamishwa. Hawa ndiyo bei ya tahadhari, Afande. Sipingi tahadhari. Watu wameona watoto wanakufa, wana haki ya kuuliza. Lakini ningependa wote wanaopiga simu redioni waje wakae hapa kidogo." Kisha akamgeukia. "Wewe una mjukuu. Amechanjwa?"

Shangazi alijikuta anatazama sakafu. "Nimewaambia wasubiri kwanza."

Daktari hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Friji ya chanjo ilikuwa kwenye chumba cha chanjo, imezungushiwa utepe wa polisi. Shangazi akaukata, akavaa glavu, akafungua. Chanjo zilishabebwa. Yalibaki maboksi ya maji ya kuchanganyia, yamepangwa vizuri, na hewa baridi tupu.

"Friji safi hii," alisema.

"Ni ya chanjo peke yake. Hairuhusiwi kuwekwa kitu kingine."

"Safi mno. Nimepekua friji nyingi za ofisini, Daktari. Sijaona hata moja isiyo na soda ya mtu."

Daktari akacheka kidogo, kicheko cha kulipia deni la adabu. Shangazi akaifunga friji, akaomba kuonyeshwa chumba cha upasuaji. Huko, nyuma ya meza ya wagonjwa, palikuwa na friji nyingine, mlango umefungwa kwa bandeji. Akaifungua bandeji. Ndani mlikuwa na mashuka yaliyokunjwa, na joto la kabati.

"Hii imekufa lini?"

"Siku nyingi. Tumeandika barua mpaka wino umetuishia."

"Dawa za chumba hiki zinazotaka baridi mnaweka wapi?"

"Hatuna nyingi."

"Yule mama wa kitanda cha mwisho wodini, nimeona anashika tumbo akikohoa. Mlimpasua?"

"Kabla Usingizi hajaenda likizo. Kidonda kimegoma kufunga."

"Mlimpasua kwa maombi?"

Daktari alikaa kwenye kiti cha chuma, taratibu, kama mzee.

"Hapa friji inayofanya kazi ni ile ya chanjo tu," alisema. "Ina umeme wake wa jua. Kwa hiyo kila mtu anaweka chake. Sista chakula chake cha mchana, mimi soda zangu, ndiyo, soda zangu, na Usingizi dawa zake. Mkaguzi akitaka kuja, hupiga simu kwanza. Muungwana sana yule. Tunaondoa kila kisichohusika, anakagua, anasifia, anaondoka, tunarudisha. Ndivyo tunavyoishi."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Siku moja kabla ya chanjo. Mimi ndiye niliyepita vyumbani nikipiga kelele, ondoeni, ondoeni. Hatukuwahi kurudisha vitu, yakatokea haya."

"Usingizi alizipeleka wapi dawa zake?"

"Sijui. Mchana ule ule alianza likizo."

"Ni dawa gani hizo?"

Daktari alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Mgonjwa akishalazwa usingizi, huchomwa dawa ya kulegeza misuli ili mwili usikakamae wakati wa kisu. Misuli yote hulegea, hata ile ya kupumulia, kwa hiyo mtu wa usingizi humpumulia mgonjwa kwa mfuko mpaka dawa imwishie. Ikimwishia, anaamka, anadai chai.

"Mgonjwa anarudi kama hakupatwa na kitu," Shangazi akasema.

"Ndiyo."

"Kama yule mtoto wa tatu."

Daktari akafunika uso.

"Ulijua," Shangazi akasema.

"Nilihisi. Nilipokuwa nampumulia niliona anavyorudi, vidole kwanza, halafu kidevu. Nimewaona watu wazima wakirudi hivyo hivyo kwenye meza hii mara ngapi! Nikajiambia haiwezekani. Kila asubuhi najiambia haiwezekani. Ningefungua mdomo ningeulizwa, dawa ya upasuaji ilifuata nini kwenye friji ya chanjo? Ningejibu nini? Kwamba mimi niliruhusu?"

"Na Sista yuko mahabusu."

"Najua alipo, Afande. Kila nikishika kijiko najua alipo."

Shangazi alikuwa na maneno ya kumpa, makali na yanayomfaa. Hakuyatoa, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha. Walirudi kwenye friji. Akatoa boksi la kwanza la maji, akamwaga vichupa kwenye trei. Vichupa vya kioo, mduara wa bluu shingoni, maandishi ya maji ya kuchanganyia. La pili, vivyo hivyo. La tatu lilikuwa limeshafunguliwa, na vichupa vyake vilikuwa saizi ile ile, vyenye maji maangavu yale yale, lakini shingoni mduara ulikuwa mwekundu.

Daktari alisoma jina la dawa kwa sauti. Lilikuwa refu, na alilisoma lote.

"Nje ya boksi?" Shangazi akauliza.

"Maji ya chanjo ya surua."

Hapo hapo kwenye kona lilikuwepo sanduku la kutupia sindano. Kwa kawaida huchomwa moto kila wiki, lakini tangu chanjo isimamishwe hakuna aliyeligusa. Shangazi alilifungua juu ya shuka, akachambua kwa koleo, bila haraka, Daktari akishuhudia. Vioo vya bluu, vya bluu, vya bluu. Karibu na juu kabisa, chini ya sindano tatu tu, akakikuta kichupa kimoja kilichovunjwa shingo, mduara wake mwekundu. Akakitia kwenye mfuko wa ushahidi, wakatia sahihi wote wawili.

"Alipaswa kusoma kichupa kabla hajachanganya," Daktari alisema kwa sauti ndogo.

"Alipaswa. Na wewe ulipaswa kusema."

Akampigia bosi wake. "Chanjo haina kosa, Afande. Waambie wizara wasiiteketeze. Tatizo ni friji, na kilichofichwa humo."

"Kilifichwa na nani?" bosi akauliza. "Kesho nahitaji jambo la kumweleza hakimu. Bila hilo yule muuguzi anapanda kizimbani na maungamo yake."

"Boksi halisemi. Nakwenda kuuliza."

Kwenye nyumba ya msiba viti vya plastiki vilikuwa vimeanza kupungua. Usingizi alikuwa amekaa mlangoni, mwanamume mpana, macho yamevimba, simu mapajani. Alipomwona Shangazi aliinuka haraka.

"Afande! Mmewapata walioingiza sumu hii nchini?"

"Pole sana, kaka."

"Tumeshapoa. Niambie."

"Kwanza nina swali dogo la kazini kwenu. Siku ile alipokuja mkaguzi."

Usingizi akacheka. Majirani wawili walimgeukia, maana hakuwa amecheka tangu mazishi. "Yule bwana! Ungeona, Afande. Daktari anapita anafoka, ondoeni, ondoeni, watu wanakimbia na mabakuli. Mimi sikukimbia. Dawa zangu zikipata joto ndiyo basi, na mimi naondoka likizo, nimwachie nani? Nikachukua boksi tupu la maji ya chanjo, nikazipanga humo, nikafunga, nikalirudisha palepale, mbele ya pua yake. Akahesabu maboksi, akasema safi sana." Alifuta jicho kwa kidole gumba. "Mpaka leo zimo. Nikirudi kazini nitazi..."

Mdomo wake uliendelea kidogo bila sauti.

Shangazi hakumsaidia. Angeweza kusema kitu, na alitamani, lakini ushahidi ni wa mwenyewe kuusema.

"Sista alichukua maji wapi?" Usingizi aliuliza.

Shangazi alitoa mfuko wa ushahidi. Hakuhitaji kuusogeza karibu. Mtu aliyevunja shingo za vichupa vile kila wiki aliutambua mduara mwekundu kwa mbali.

"Hapana," alisema. "Angesoma. Kabla ya kuchanganya unasoma."

"Hakusoma."

"Lazima asome!" Watu wakageuka. Akarudia chini chini, "Lazima asome."

"Hilo atalijibu yeye. Lakini kesho anashtakiwa kwa mauaji, kaka, na amekubali kwa sababu hajui alichowachoma. Nahitaji maneno yako kwenye karatasi."

Usingizi alikalia kiti chake kama aliyekatwa miguu. "Nimekwenda redioni," alisema. "Nimewaambia wafungie watoto ndani. Nchi nzima nimeiambia."

"Nimetoka wodini sasa hivi," Shangazi alisema. Hakuongeza neno, na Usingizi, mtu wa hospitali, hakuuliza wodi gani.

Dada yake alitoka ndani, kitenge kimefungwa kifuani, uso umekauka kwa kulia. "Kaka, nani anakufanya upaze sauti?" Kisha akamwona Shangazi. "Shikamoo, mama. Afadhali umekuja. Nina jambo linanikaba. Mmemshika Sista peke yake, lakini yeye alikataa. Alishafunga vitu vyake. Mimi ndiye nikamlazimisha, nikataja jina la kaka yangu. Ningekubali kurudi siku nyingine, mwanangu angekuwepo. Kama kuna kesi, niandikeni na mimi."

"Nyamaza, dada," Usingizi alisema.

"Acha niseme. Ninyi wanaume mnataka tunyamaze tu. Mama, huyu kaka yangu ndiye aliyenishika mpaka leo. Ananilisha kama mtoto. Bila yeye ningeshajitupa."

Usingizi akamtazama Shangazi. "Afande, niache nimwambie mwenyewe."

Shangazi akarudi nyuma, si mbali. Alikuwa polisi, na alihitaji kusikia.

Usingizi alichuchumaa mbele ya dada yake. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza mgonjwa kabla ya upasuaji: dawa ni gani, inafanya nini, aliiweka wapi na kwa nini. Hakumtaja mkaguzi wala Daktari kujikinga. Alipofika kwenye boksi, dada yake alishika fremu ya mlango.

"Ulijua litachukuliwa?"

"Sikujua."

"Ulijua ni dawa gani?"

"Nilijua."

"Ukaiweka kwenye boksi la watoto."

"Ndiyo, dada."

Hakupiga kelele. Wanawake waliokuwa ndani walisogea mlangoni, wakasimama. Aliing'ang'ania ile fremu mpaka Shangazi akaogopa ataanguka, kisha akamgeukia.

"Na Sista bado yuko ndani?"

"Bado."

"Nilimrushia jiwe. Lilimpata hapa." Aligusa shavu lake mwenyewe. "Alinitazama tu, hakujikinga. Mama, mna gari?"

"Lipo."

"Basi twende. Nataka nimtoe mimi kwa mkono wangu, watu wote waone."

Akafunga kitenge vizuri, akashuka ngazi. Usingizi akawahi kumshika kiwiko, kama alivyomshika tangu siku ya msiba, asijikwae. Dada yake alisimama, akautazama ule mkono, akautoa taratibu, akafungua mlango wa mbele wa gari la polisi.

"Wewe panda nyuma," akamwambia.

Usingizi akapanda nyuma.